Soketi ya Chini ya Kitanda

Mpendwa Baba Nyaga,

Juzi mjukuu wako Mwenda alinifanya nicheke mpaka nikalia, kisha nikalia mpaka nikakasirika, na hasira yenyewe nilitaka kukumalizia wewe nikakumbuka hupo tena duniani. Amenunua karavani. Ndiyo, nyumba ya magurudumu, ya kupeleka watalii mlimani. Akaileta hapa uani kunionyesha, akachomeka birika la stima anipikie chai ndani yake. Kimya. Akachomeka chaja ya simu. Kimya. Akaanza kuipigapiga ile soketi kwa kiganja.

Nikamwambia aache, kwani hiyo ni punda? Nikamuuliza kama taa zinawaka. Zinawaka. Basi stima inaingia, shida haiko nje. Nikamuuliza kama hilo birika amelijaribu mahali pengine, kama fyuzi ameitazama, kama soketi zote zimekufa au moja tu, na ile ya mwisho iko wapi. Alinikazia macho mimi bibi yake. "Cucu, wewe haya ulisomea wapi?" Nikasema moshi unaniingia machoni, na hakukuwa na moshi wowote, nikaingia ndani nikafunga mlango.

Basi nakuandikia wewe, kwa maana huyo ningeanzia wapi kumweleza? Lakini barua siifungi. Ataisoma yeye, na asome yeyote anayetaka. Mimi nimechoka kuibeba peke yangu.

Unakumbuka wakati ule wa Hali ya Hatari, wapiganaji wakiwa msituni, ulipokuwa dereva wa yule mzungu tuliyemwita Bwana Maji? Kazi yake ilikuwa kupima chemchemi na mito, bomba lipite wapi. Alilala ndani ya karavani yake, na wewe uliivuta kutoka Embu kushuka Siakago kwenye joto, kisha ukaipandisha Meru, ukaileta huku Timau kwenye baridi na mashamba ya ngano. Ikiharibika wewe ndiye fundi wake, wa matairi na wa stima. Mimi nilikuwa namfulia na kumpigia pasi kila alipopiga kambi kwetu. Tulijuana kwenye kamba ya nguo. Ulisimama hapo umeshika kofia, ukasema mashati yangu yamenyooka kuliko maneno ya chifu. Nilikuona mjinga kidogo. Nilikupenda hapo hapo.

Baba yangu naye alikuwa mzee wa kanisa, na mengi ya zamani alikuwa ameyaacha. Asali hakuiacha. Kwetu msichana hatoki nyumbani bila asali, na si asali ya kuokota popote. Itoke kwenye mizinga ya watu wa mwanamume, aibebe mwenyewe, na mtu asiifungue njiani. Wa kuifungua ni wazee wa nyumba ya msichana. Ikifunguliwa kabla, hiyo si asali ya mahari tena, ni asali ya chai. Baba alikuambia hivyo mbele yangu. Kisha akaenda kutazama ng'ombe wake.

Mizinga ndugu zako walikuwa nayo, Siakago ni nyumbani kwa nyuki. Shida ilikuwa barabara. Nani asiyejua barabara za siku zile? Kizuizi hapa, kizuizi pale, shuka, onyesha kipande cha kitambulisho, mwaga kikapu. Chakula kisicho na ruhusa kilikuwa ni chakula cha watu wa msituni, hata kama ni viazi vya mama yako. Watu walipelekwa kambini kwa debe la unga. Lakini wewe uligundua jambo moja, na ulilichekea sana: karavani ya mzungu haipekuliwi. Askari wanainua mti, wanapiga saluti, unapita. Basi ukafungua ubao wa ukutani chini ya kitanda cha Bwana Maji, ukaingiza kithembe kidogo, kile chombo cha gogo lililochongwa na kufunikwa ngozi, kimejaa mpaka mdomoni, kimezibwa kwa nta. Ukarudisha ubao ukakaza skrubu. Bwana Maji akalala juu ya mahari yangu kutoka Siakago mpaka Timau.

Asubuhi mlipofika ulinijia kwenye kamba. "Imefika Timau. Jumapili itafika kwa baba yako." Nilifurahi, na papo hapo nikaogopa. Nilikuambia uitoe haraka. Ukasema tulia, mama, hapo ilipo hata malaika hajui.

Malaika labda. Sisimizi walijua.

Siku hiyo Bwana Maji alikuwa amekwenda juu kwenye chemchemi na farasi. Mimi nilikuwa ndani ya karavani na mashati yake. Ubao wangu wa pasi niliuweka kitandani kama siku zote, na pasi nikaichomeka soketi ya chini ya kitanda, kwa sababu waya wake haukufika kwingine. Mezani alikuwa ameketi yule kijana wa kizungu wa polisi ya akiba. Alipenda kuja saa ya habari kwa sababu redio ya Bwana Maji ilisikika vizuri. Mlangoni alisimama Kirimi, askari wake wa gadi, mtu wa kwetu kabisa. Mama yake na mama yangu waliteka maji mto mmoja. Jana yake watu walikuwa wamekata waya wa simu wa shamba lile la mzungu ilipoegeshwa karavani, na huyo kijana hakuwa amelala. Macho yake yalikuwa mekundu, na mkono haukutoka karibu na bastola.

Ndipo pasi ikalia tik, ikanyamaza. Na redio ikanyamaza nayo, katikati ya neno.

Yule kijana aliruka mpaka kiti kikaanguka. Waya! Tena waya! Akamtuma Kirimi akulete. Ulikuja na sanduku lako la vyuma, mikono ina grisi. Alikwambia kwa Kiswahili chake kile cha amri kwamba ukikuta waya umekatwa, mtu wa karibu nao ataondoka naye leo kwenda kuchujwa, yaani kuhojiwa kwa kipigo. Nilijua karibu nao alikuwa nani. Pasi ilikuwa bado mkononi mwangu.

Baba Nyaga, sijawahi kuona mtu anafanya kazi polepole namna ile. Wengine wangedhani ni ustadi. Mimi nilijua unatafuta pa kupita. Kwanza uliwasha taa ya dari, ikawaka, ukamwambia injini ya stima ya shamba haina neno, na waya mrefu wa kutoka banda la injini haujakatwa. Kijana akashusha pumzi kidogo. Ukanyang'anya pasi mkononi mwangu, ukaenda nayo bandani kwenyewe, ukarudi ukisema imepata moto, pasi ni nzima. Ukafungua sanduku la fyuzi karibu na mlango. Ya taa nzima, ya soketi imeungua. Ukaweka waya mpya wa fyuzi, ukawasha. Pu! Ikaungua mbele yetu. Ukachomoa redio, ukachomoa kila kitu, ukaweka nyingine. Pu! Ukasema basi shida si vyombo, mahali fulani waya mbili zimegusana. Iko ukutani au ndani ya soketi.

Soketi zilikuwa za kufuatana. Ya kwanza karibu na jiko, ya pili mezani kwa redio, ya mwisho chini ya kitanda. Ulizima swichi kubwa, ukafungua ya jiko. Safi. Ukafungua ya mezani. Safi. Bisibisi ikakaa mkononi mwako, wala hukugeuka upande wa kitanda.

Mimi niligeuka. Na hapo nikawaona: mstari mwembamba wa sisimizi, unatoka pembeni mwa ule ubao, unashuka ukutani, unaingia kwenye soketi. Joto la Siakago lilikuwa limelainisha nta. Asali ilikuwa imevuja ukutani tone kwa tone mpaka ndani ya soketi, na hao wakaifuata, na walipojaa humo ndani stima ikawapata. Ile tik niliyoisikia ilikuwa ni wao. Nikaliachia shati la Bwana Maji likaanguka juu ya mstari ule, nikainama kuliokota taratibu sana, na nikakaa hapo hapo nimeinama. Wewe uliniona. Ulielewa kila kitu bila mimi kupepesa.

Na akili yako, shetani wewe, ikafanya kazi. Ulirudi kwenye soketi ya mezani, ukafungua waya zinazoendelea kwenda kitandani, ukazifunga ncha kwa utepe mweusi, ukazisukuma ndani. Ukaweka fyuzi. Ukawasha. Fyuzi ikashika. Redio ikapasuka kuongea, nikataka kupiga magoti nimshukuru Mungu. Ulimwambia kijana kwamba soketi ya mwisho imezeeka tu, umeikata kwenye njia, utaibadilisha Bwana Maji akirudi. Ulianza hata kukusanya vyuma vyako.

Yale yangeweza kwisha hapo. Nimeyarudia mara nyingi jikoni peke yangu: wewe unafunga sanduku, yeye anasikiliza habari, Jumapili inafika.

Lakini mtu asiyelala anasikia kila kitu vibaya. Yule kijana akatazama pale nilipoinama. Akauliza soketi hiyo ya mwisho ilikuwa inatumiwa na nani. Hakungoja jibu, jibu lilikuwa ni pasi. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chai, kwamba Kirimi anichukue. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye soketi, mimi ndiye niliyeiharibu, na huko wanakochuja nitasema nani alinituma.

Ulijua wanawake walivyorudi kutoka huko. Mimi pia nilijua. Binti wa jirani yetu alirudi hawezi kukaa kitako. Kirimi alinishika mkono juu ya kiwiko. Hakunishika kwa nguvu. Sikukutazama. Nilisema moyoni, nyamaza, Ireri wangu, nyamaza, nyamaza, ukisema wanakuchukua wewe.

Ukaweka sanduku chini.

"Mwache, Bwana. Soketi hakuiharibu yeye. Nitakuonyesha."

Ulilala kifudifudi ukazifungua skrubu za ule ubao, safari hii haraka. Ubao ulipotoka harufu ilijaa karavani nzima, harufu ya maua ya migunga ya kwenu, na sisimizi wakamwagika mpaka kwenye viatu vyake. Ukakitoa kithembe ukakiweka sakafuni mbele yake. Ukamwambia ni asali ya mahari, imevuja, sisimizi wameingia kwenye stima, hakuna aliyekata kitu. Ukweli mtupu! Sijui kama aliwahi kuambiwa ukweli mtupu kama huo siku zile zote. Akauliza mahari ya nani.

Ulitazama ukuta. "Ya mtu wa mbali."

Mpaka leo maneno hayo yananikata. Ya mtu wa mbali, na mimi niko hapo, pindo la gauni langu linagusa bega lako.

Akamwamuru Kirimi akifungue kithembe, aone kama kuna risasi ndani. Kirimi, ambaye siku zile alikuwa akivunja milango ya watu, alirudisha mikono nyuma. Akasema hawezi. Kijana akamwuliza kama ni kiziwi. Kirimi akasema tena hawezi, si yake kufungua, na akatazama chini. Nilimwona amekwisha kuelewa ni asali ya nani na inakwenda nyumba gani. Basi kijana akatoa kisu chake mwenyewe akaipasua ile ngozi, akakipindua. Asali ya kwenu ilimwagika polepole kwenye sakafu ya Bwana Maji. Hakukuwa na risasi. Akasema chakula kilichofichwa ni chakula kilichofichwa, na kutoka leo karavani hazitapita bila kupekuliwa, na wewe ndiye uliyewafundisha hilo. Wakakufunga mikono kwa waya wako mwenyewe.

Ulipopita mlangoni hukuniaga. Najua kwa nini. Nilikuchukia kidogo kwa hilo, nakwambia kweli, kwa miezi mingi.

Mimi niliambiwa nisafishe. Nilisafisha, nini kingine? Maji yalikuwa nje, lakini sikuyachota kwanza. Nilichukua kile kitambaa changu cha pasi, kile nilichokuwa nalaza juu ya suruali nisiziunguze, nikafuta sakafu nacho mpaka kikashiba asali, sisimizi na masizi na yote. Nikakikunja ndani ya jani la mgomba, nikakiweka kifuani. Baadaye Bwana Maji alirudi kutoka kwenye chemchemi. Alisikiliza habari zako, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, akauliza nani atamwendeshea gari. Kisha akaomba chai.

Langoni mwa kijiji walikotusukumia kuishi, wanawake walipekuliwa kila walipoingia. Jioni ile aliyekuwa anapekua ni Kirimi. Nilisimama mbele yake na asali kifuani, harufu yake hata mimi naisikia, nikajua leo ni wawili tunaokwenda kambini. Aliinua mikono kama anipekue, akaisimamisha hewani.

"Mwambie baba yako," alisema kwa Kimeru, karibu na sikio langu, "hakuna mtu wa kwetu aliyeifungua."

Akapaza sauti kwa Kiswahili, akasema pita, huyu hana kitu.

Nilimpa baba kile kitambaa, nikampa na maneno ya Kirimi, nikamweleza mwanzo mpaka mwisho nikilia makamasi. Alifungua jani. Alitazama sana. Hakusema ndiyo, hakusema la. Alilikunja tena, akalichomeka juu ya moto, kule kwenye dari ya kukaushia kuni, akaniambia nikaoshe uso. Na hapo nikabaki, sijui nimeolewa au sijaolewa. Wewe uko kambini, mara husemwa uko kambi ya kisiwani, mara husemwa umekufa. Wanaume wengine walikuja kumwona baba, mmoja mwalimu, mmoja Mwislamu mwenye duka huko mjini Majengo, aliyekuwa tayari kungoja hata mambo ya dini yazungumzwe. Baba aliwapa uji, akawasindikiza. Mama alimgombeza kwamba anamzeesha mtoto kwa ajili ya maiti. Mimi nilikaa nyuma ya ukuta nasikiliza, nakuombea na kukutukana kwa pumzi moja.

Uliporudi nilikuwa napepeta maharagwe. Niliona mtu mwembamba langoni, koti si lake, nikadhani ni mwombaji. Hukuingia. Mama alikuita mara ngapi! Ulisimama kule nje umeshika kofia na mikono mitupu, ukamwambia hujaja kukaa, umekuja tu kusalimu, unashuka Siakago kuwaona ndugu zako kama bado wana mizinga, uanze upya. Ukasema huna haki ya kuingia, asali ilifunguliwa njiani. Sauti yenyewe ilikuwa imekwisha. Nilitaka kukimbia nikuvute kwa lile koti, nikabaki nimeshika ungo.

Baba alitoka nyumbani na lile jani. Lilikuwa jeusi kwa moshi, limekauka kama ngozi. Alikwenda nalo mpaka langoni, akalifungua mbele yako, akakupa ukione kitambaa.

"Asali ilifika," alikwambia. "Uliyechelewa ni wewe. Ingia."

Mume wangu, tumekula chumvi nyingi baada ya hapo. Nyaga akazaliwa, na wenzake. Ukafunga stima nyumba za watu kutoka hapa mpaka Embu, na kila soketi uliyoifungua uliinusa kwanza, watu wakakuona mwehu. Habari ya karavani hatukuisema hata kwa watoto. Wewe uliona aibu ya kufungwa, mimi niliona aibu ya kuokolewa. Upuuzi mtupu, sasa naona, maana mtoto anapaswa kujua amenunuliwa kwa bei gani.

Karavani ya Mwenda tuliitengeneza jana. Ilikuwa ni soketi ya mwisho, tena chini ya kitanda, waya umelegea tu kwa mabonde ya barabara. Kabla hajaukaza nilimwambia ainuse. Akanusa, akasema hainuki chochote, Cucu. Nikamwambia basi kaza. Soketi ikafanya kazi, tukanywa chai, nikampa barua hii aanze kuisoma.

Nyumba imenyamaza siku hizi. Najua uko langoni huko, umeshika hiyo kofia yako, hutaki kuingia bila mimi, nakujua. Ingia, Baba Nyaga. Wewe ulishafika. Safari hii ninayechelewa ni mimi.

Mkeo,
Mama Nyaga